Kutoka Himo hadi Tarakea: ipe siku nzima

Kila likizo za Desemba ndugu na marafiki wanaokuja Moshi huniomba niwaonyeshe njia ya kwenda kwenye maporomoko ya Marangu. Wanapanda mbio, wanapiga picha, wanakula, jioni wako mjini. Mimi huwaambia barabara yenyewe, ile ya Himo hadi Tarakea upande wa mashariki wa Mlima Kilimanjaro, ndiyo ya kuangaliwa, na waipe siku nzima.

Tokeni Moshi kabla jua halijachomoza. Asubuhi mlima huwa wazi. Kufika saa nne au saa tano mara nyingi mawingu yameshaufunika, na hauonekani tena mpaka jioni. Masika, yaani Machi hadi Mei, sipandi na gari dogo kwenye njia za vijijini. Lami haina shida, ila ukichepuka tu udongo unateleza vibaya.

Pale Himo unaiacha barabara ya Holili na kukata kushoto. Zimeni redio, fungueni vioo. Chini ni mahindi na joto la tambarare. Kadiri mnavyopanda hewa inapoa na migomba inaanza kubana barabara pande zote mbili. Wageni hudhani wameshaingia msituni. Hapana, hicho ni kihamba, shamba la ukoo. Simamisheni gari mahali pa usalama mkitazame kutoka juu kwenda chini: miti mirefu ya miringaringa na miruka inatoa kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na ardhini kabisa magimbi. Mpakani kuna masale, mmea uleule ambao Mchagga hupeleka anapokwenda kuomba msamaha. Sikilizeni pia maji. Mifongo, mifereji iliyochimbwa na mababu kutoa maji kwenye mito ya juu, bado inapita katikati ya mashamba, na wanaoitumia wana zamu zao. Kwangu mimi huu ndio urithi mkubwa wa mlima huu, na unasikitisha ukiona mtu anaupita kwa mwendo wa themanini.

Mkipata muda, ingieni Kilema. Misheni ya Wakatoliki pale ilianza mapema miaka ya 1890, na huko ndiko inakosimuliwa kwamba kahawa ya kwanza ya Kilimanjaro ilipandwa. Muulizeni mzee yeyote mtakayemkuta. Anzeni na shikamoo, msianze na kamera.

Msitu wenyewe mtaufikia juu ya Marangu, kwenye geti la Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Barabara ya gari inaishia hapo. Mwaka 2005 ukanda wa msitu uliingizwa ndani ya hifadhi, kwa hiyo kuvuka geti kuna kiingilio na ni kwa miguu. Hata msipoingia, kaeni kidogo pale nje: ukungu unashuka kwenye miti, na mkiwa na bahati mtamwona mbega na mkia wake mweupe. Anayetaka kupita ndani ya msitu akiwa kwenye gari aende Hifadhi ya Arusha, akatie kona Usa River. Kule barabara inapanda hadi ukingoni mwa kreta ya Ngurdoto, kisha inashuka kwenye maziwa ya Momella. Ni safari nzuri sana, ila ni ya siku nyingine.

Kutoka Marangu wengi hugeuza. Msigeuze. Endeleeni Mwika, Mkuu, hadi Tarakea. Ni lami, na kadiri mnavyokwenda upande ule wa mlima unazidi kuwa mkavu. Mkono wa kulia tambarare za Kenya zinafunguka chini yenu, mkono wa kushoto Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro, na meno yake. Jazeni mafuta Himo.

Kuna kituo kimoja naomba msikiruke, hata kikiwa cha siku ya pili: Old Moshi, mnapandia Kiboriloni. Pale Tsudunyi, tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani walimnyonga mtini Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, pamoja na viongozi wengine. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta miaka mingi. Watoto wetu wanazijua njia zote za kupanda kileleni, lakini wengi hawajafika kwenye mti ule. Wapelekeni, na mkamtafute mwenyeji awasimulie.

Kushuka, wekeni gia nzito tangu juu, namba mbili au tatu, breki mziguse kwa vipindi. Ukikanyaga breki mfululizo kutoka getini hadi Himo zitapata moto na kuacha kushika. Jioni washeni taa mapema: wanafunzi wanarudi nyumbani, kina mama wana mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani, na bodaboda huteremka zikiwa zimezimwa injini, hamtazisikia zikija.