Ficha Jua Kwanza, Kisha Pima kwa Shubiri

Kwa miaka mingi nilidhani kwamba rangi za angani ni mali ya upinde wa mvua peke yake, hivyo kila mvua ilipokatika nililipa jua kisogo na kuusubiri upinde huo upande wa pili. Kumbe muda wote huo maduara ya mwanga yalikuwa yakijichora na kufutika nyuma ya mgongo wangu, tena katika siku ambazo halikudondoka hata tone moja. Upinde wa mvua hukaa mkabala na jua; lakini duara la mwanga linalolizunguka jua, na vile vibonge vya mwanga vinavyolikaa ubavuni ambavyo mimi huviita majua pacha, hutokea upande uleule liliko jua, yaani mahali ambapo macho yetu yamezoea kupakwepa.

Kwa hiyo anayeanza namshauri kwanza alifiche jua. Simama mahali ambapo nguzo, ukingo wa paa au shina la mti litalikinga jua lote, kisha uchunguze anga pembeni mwake. Siku moja nilipuuza jambo hili kwa sekunde chache tu, na doa likanicheza machoni kwa muda mrefu kiasi cha kunitia hofu. Miwani ya jua hupunguza mng'ao wa anga, ila haimpi mtu ruhusa ya kulikodolea jua lenyewe macho, na kulitazama kwa darubini kunaweza kumpofusha.

Baada ya hapo, tumia shubiri. Nyosha mkono wako wote mbele, weka kidole gumba juu ya jua na utanue vidole. Kama duara lipo, litapita karibu na ncha ya kidole cha mwisho. Umbali huo ni takriban nyuzi 22, na hautokani na bahati. Fuwele za barafu zinazoelea katika mawingu mepesi ya juu sana zina pande sita, na mwanga unaoingia ubavu mmoja na kutokea ubavu mwingine, baada ya kuruka mmoja ulio kati, hauwezi kupinda chini ya nyuzi 22 hivi. Miale mingi hurundikana kwenye kiwango hicho na hakuna inayopinda pungufu yake, ndiyo maana anga la ndani ya duara huonekana jeusi kuliko la nje, na wekundu, ambao hupinda kidogo kuliko rangi nyingine, hukaa ukingo wa ndani. Wala usidhani kwamba haya ni mambo ya nchi za theluji, kwani huko juu yaliko mawingu hayo ni baridi kali hata pale ambapo ardhi inachoma nyayo.

Usiku shubiri hiyohiyo hufanya kazi kwenye mwezi. Ukiona mviringo mdogo umeubana mwezi, wenye wekundu upande wa nje, huo kwa kawaida ni kazi ya matone madogo ya maji wala si ya barafu. Mimi mwenyewe nilizichanganya mandhari hizi mbili mara nyingi kabla sijaanza kupima. Wanaosema kwamba duara ni dalili ya mvua hawajakosea kabisa, kwa kuwa yale mawingu mepesi ya juu wakati mwingine hutangulia hali mbaya ya hewa, ingawa nimeona maduara mengi yakiishia kwenye siku kavu.

Majua pacha yanahitaji fuwele bapa zilizolala kama sahani angani, na yanataka jua lisiwe juu sana. Asubuhi na jioni hukaa shubiri moja kulia na kushoto kwa jua, kwenye kimo kilekile na jua, huku wekundu ukilielekea jua lenyewe. Kadiri jua linavyopanda, ndivyo yanavyosogea nje ya duara, na likizidi nyuzi 61 hivi juu ya upeo wa macho hutoweka. Sina haja ya kifaa cha kupimia, kwani natazama kivuli changu: kikiwa kifupi kuliko nusu ya kimo changu, siyatafuti tena. Badala yake natazama chini ya jua, shubiri mbili na ushei, kwa sababu saa hizo, jua likiwa limevuka nyuzi 58, fuwele zilezile zinaweza kuchora utepe mpana wa rangi uliolala sambamba na upeo wa macho. Watu wengi huupiga picha wakiuita upinde wa mvua.

Kivuli kikiwa kirefu mara mbili ya kimo chako au zaidi, na majua pacha yakiwa yanang'aa, yaache kidogo na uinue kichwa karibu na utosi wa anga, shubiri mbili na ushei juu ya jua. Hapo hutokea tao lililopinduliwa kama tabasamu, lenye rangi safi kuliko duara, na halitokei kabisa jua likipita nyuzi 32. Nililikosa kwa muda mrefu kwa sababu nilishughulika na simu nikipiga picha za majua pacha. Siku nilipoliona, nilikuwa nimeinua uso kuinyoosha shingo iliyochoka.