Ndani Konda, Nje Mama

Mhariri, salaam kutoka Tabora.

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Vikundi vya wanaocheza gemu za kuigiza mtandaoni vinahitaji msaada gani, na wa nani?" Nimesoma majibu ya mwanzo, na karibu yote yanadai kompyuta na bando la bei nafuu. Sibishi. Nina steshenari jirani na stesheni ya reli, mashine sita. Mchana ni fotokopi na barua za kuomba kazi. Ikifika saa 12 jioni mashine zinageuka za gemu, shilingi 1,000 kwa saa. Machungu ya bando nayajua kuliko wengi. Ila nimeona kikundi chenye mashine za kung'aa kikisambaratika ndani ya mwezi mmoja, na kingine kinachotumia kompyuta zinazonguruma kama kinu cha kukoboa mpunga kikiingia mwaka wa tatu. Hicho cha pili ni chetu.

Kwa asiyeijua shughuli yenyewe: vijana wanaiita RP, kifupi cha "roleplay", yaani kuigiza. Unabuni mhusika, unampa jina, kazi, tabia, hata madeni, kisha unaingia kwenye gemu na kuishi kama yeye pamoja na wenzako walioko Kahama, Mombasa, au chumba cha jirani. Hakuna fainali wala kombe. Sisi tunatumia Grand Theft Auto V, gemu iliyotoka mwaka 2013, na mji wetu ni Los Santos, mji wa kubuni ulioigwa kutoka Los Angeles. Gemu yenyewe haikutengenezwa kwa ajili ya haya. Ni wachezaji waliounda programu ya FiveM ili kila mtu aweze kuendesha seva yake, yaani kompyuta ya mtandaoni inayobeba mji wa kundi lake, kwa sheria zake. Mwaka 2015 baadhi yao walifungiwa akaunti na Rockstar, kampuni yenye gemu, kwa kazi hiyo hiyo. Mwaka 2023 Rockstar hao hao wakawachukua kundi zima wakafanya nao kazi. Huo nao ni msaada, ingawa ulichelewa miaka minane.

Ndani ya Los Santos yetu kuna daladala, kijiwe cha kahawa na trafiki. Mimi ni konda. Nina miaka 43, bega la kushoto linanisumbua, na kila Alhamisi usiku naning'inia mlangoni mwa Hiace nikiita abiria.

Alhamisi moja trafiki akatusimamisha. Mambo ambayo gemu haiwezi kuyaonyesha huwa tunayaandika kwa amri mbili: /me ni kile mwili wako unachofanya, /do ni hali ilivyo, au swali kuhusu hali hiyo. Trafiki akaandika: "/me anazunguka gari polepole, anagonga tairi la nyuma kwa ncha ya kiatu." Halafu: "/do Tairi likoje?" Suka wangu, yaani dereva, kijana anayeuza simu mchana, angeweza kujibu kwamba limenunuliwa jana. Nani angemkagua? Akaandika: "/do Kipara. Waya zimeanza kuchungulia."

Nilishika kichwa. Kwa jibu hilo mapato ya zamu nzima yalikuwa yameondoka. Lakini hapo ndipo usiku ulipoanza. Abiria wakadai nauli zao. Mmoja akasema anawahi mgonjwa hospitali, mwingine akamuuliza mbona asubuhi ulikuwa unawahi harusi. Mimi nikaandika: "/me anamkabidhi afande leseni ya gari, noti imekunjwa katikati." Trafiki akaandika kwamba anaiangalia noti kama mtu aliyepewa samaki aliyechina. Dakika 40 hatukusogea hata mita moja, na hakuna aliyetaka tusogee.

Saa 6 usiku tukavua spika za masikioni. Kijana aliyekuwa akinipigia kelele, "We konda mwizi, lete chenji yangu!" akasimama, akavuta kaptula yake juu kidogo. "Shikamoo mama. Naomba hiyo buku nikupe kesho."

"Marahaba mwanangu."

Jibu langu liko hapo, Mhariri, katikati ya "we konda" na "shikamoo mama". Anayetaka kusaidia vikundi hivi alinde kivuko hicho. Mengine yote yanafuata nyuma yake.

Sisi wa huku tulitakiwa kulielewa hili kabla ya mtu mwingine yeyote, maana tumelelewa kwenye utani. Alipofariki babu yangu, mtani wetu alikuja msibani amevaa koti la marehemu. Akakohoa kama yeye, akamkaripia bibi kwamba uji hauna chumvi, akashuka kaburini akajilaza, akasema hatoki mpaka alipwe. Tukachanga, akatoka. Jioni alilivua lile koti, akalikunja vizuri, akaenda kukaa chini karibu na bibi, akamwambia "pole dada" kwa sauti yake mwenyewe. Wote tuliona koti lilipovuliwa. Asingelivua, ule wa mchana ungekuwa ufedhuli mtupu, na nadhani wajomba wangemtoa kwa fimbo.

Sasa niwaambie kuhusu mahali ambapo koti halikuvuliwa.

Mwaka juzi tulikuwa kwenye seva nyingine, kubwa, yenye watu wengi. Alikuwepo binti mmoja, mwanafunzi wa chuo, aliyecheza muuguzi. Alikuwa hodari sana: alikuwa akikufunga bandeji kwa sentensi tano na unajisikia umefungwa kweli. Wanaume watatu wakaanza kumfuata na wahusika wao, usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa maneno ambayo siyaandiki kwenye gazeti linalosomwa na watoto. Akilalamika wanamjibu, "Ni RP tu dada, usilete hisia." Akawaandikia wenye seva, akaambatanisha picha za skrini. Siku tisa kimya. Ya kumi jibu likaja: mhusika wako ajifunze kujitetea.

Akaondoka, na wenzake wanne wakamfuata. Hospitali ya mji ikabaki bila mtu. Waliojeruhiwa hawana wa kuwatibu, trafiki hana pa kuwapeleka, habari za mji zikakatika. Wiki tatu baadaye seva ile ilikuwa ya wavulana sita wanaopigana risasi kuanzia jioni mpaka alfajiri. Wenyewe walidhani kilichowaua ni seva mpya iliyofunguliwa jirani.

Tulipoanza yetu, sheria ya kwanza ikawa neno moja: nje. Yeyote akiandika ((nje)), igizo linasimama papo hapo, hakuna kuulizana kwa nini. Mabano mawili hatukuyabuni sisi. Ni desturi ya siku nyingi ya wanaoigiza kwa maandishi, kuonyesha kwamba sasa anaongea mchezaji, si mhusika. Na kuigiza kwa maandishi kuna umri. Mwaka 1978, Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle walianza kutengeneza MUD, ulimwengu wa maneno matupu ambao watu kadhaa waliweza kuuingia kwa pamoja. Huyo Bartle mwaka 1996 aliwagawa wachezaji makundi manne: wanaotafuta ushindi, wanaopenda kuvumbua, wanaofuata watu, na wanaopenda kuwatesa wenzao. Uigizaji aliuweka kwa wale wanaofuata watu, wanaoutumia kama sababu ya kuzungumza. Namwelewa kabisa. Na kundi la nne nimeshalipokea kwa bili ya shilingi 1,000 kwa saa.

Gemu ya World of Warcraft, iliyotoka mwaka 2004, iliwatengea waigizaji seva zao zenye masharti yake, hata ya majina: usijiite jina la mchezaji mpira kwenye dunia ya mazimwi. Wazo zuri. Lakini sharti lisilo na mtu wa kulisimamia ni ule ubao wa "Usikojoe hapa", na kila mmoja wetu anajua ukutani pale panavyonuka. Ndiyo maana nikiulizwa fedha ziende wapi, nasema ziende kwa wasimamizi kabla ya mashine. Kwetu wapo watatu, wanapokezana zamu, na mmoja lazima awe mwanamke. Malalamiko yanajibiwa kabla jua halijazama mara mbili. Malipo yao ni saa moja ya bure kwangu, na soda msimu wa maembe ukipita, maana wakati wa maembe hakuna anayetaka soda.

Sheria yetu ya pili inachekesha watu wa Dar es Salaam. Tunaiita sheria ya umeme. Huku umeme ukikatika, mchezaji anazimika katikati ya sentensi, na wakati mwingine mwili wa mhusika wake unabaki barabarani umesimama kama mti. Zamani watu waliwasachi na kuwaibia. Sasa ni mwiko: aliyezimika haguswi kwa robo saa. Wenzake wanatakiwa waigize kwamba ameshikwa na kizunguzungu, wamsogeze kivulini, wampepee. Siku moja alizimika jambazi katikati ya wizi wa benki, na maaskari wakampepea kwa kofia zao dakika 11 mpaka aliporudi, wakampa maji, wakampiga pingu. Nikikumbuka nacheka peke yangu dukani.

Ya tatu inahusu mabanda kama langu tu. Mchezaji akitumia habari ambazo mhusika wake hazijui, igizo limekufa. Wenzetu wanaocheza majumbani wanahangaika na wanaochungulia matangazo ya moja kwa moja ya wengine. Kwangu jambazi amekaa kushoto kwa polisi, bega kwa bega, anaona ramani yote! Nimepanga maboksi ya karatasi za A4 katikati ya mashine. Wateja wa asubuhi huniuliza kama kuna mtihani.

Kuhusu fedha nina neno moja na nitakuwa mkali. Seva inakodiwa kila mwezi, na wenye njaa huanza kuuza vyeo: lipa kiasi fulani uwe kamanda wa polisi. Usiku huo huo mtu asiyejua kuigiza anawaamrisha waliojenga mji. Babu na bibi zetu walicheza beni, ngoma iliyotoka pwani mwishoni mwa karne ya 19 ikasambaa bara, kikundi cha Marini upande huu na cha Arinoti upande ule, na sare, na vyeo vya kijeshi vya kuigiza kuanzia mfalme kushuka chini. Nao walichangishana. Lakini michango ilisaidia pia mwanachama akiugua au akifiwa. Sisi tunafanya hivyo: baada ya kodi ya seva, kinachobaki ni cha mwenzetu aliyelazwa, aliyelazwa kweli, nje.

Watoto: gemu hii ni ya watu wazima, inaandikwa hivyo hata kwenye kasha lake, na chini ya miaka 18 sifungui mashine. Wazazi hunipa pole kwa kupoteza wateja. Haya.

Na watengenezaji wa gemu? Wao wana jambo moja wangeweza kulifanya ambalo sisi hatuliwezi. Mwaka 2003 ilitoka Star Wars Galaxies. Humo mpiganaji alikuwa anachoka, na uchovu ule ulitibiwa na wacheza ngoma na wapiga muziki ndani ya kilabu. Fikiria: askari analazimika kukaa, kusikiliza muziki, na kumsemesha aliye karibu. Wapo waliolipia gemu ya vita kila mwezi wao wakicheza muziki tu, na mji uliwahitaji. Mwaka 2005 kampuni ikaibadilisha gemu kuanzia msingi ili iende haraka kama nyingine, wachezaji wengi wakaikasirikia, na Desemba 2011 ikafungwa. Sisemi kilichoiua ni hicho peke yake. Nasema mwenye gemu akitaka kutusaidia asituandalie tamasha. Atupe sababu ya kukaa kijiweni.

Na pa kukalia. Gemu ngapi zina viti 200 ukumbini na hakuna hata kimoja unachoweza kukikalia!

Hapo ndipo penye ombi langu, kama kati ya wasomaji wenu yupo anayejua kuandika programu za FiveM. Kijiwe chetu cha kahawa kina benchi moja, alilitengeneza suka wangu kwa usiku mmoja. Ukikaa unazama mpaka kiunoni. Abiria wameshazoea, wanaandika kwamba ardhi ya hapo ni tope. Ila yule trafiki ameshaniandikia faini mara mbili kwa kosa la kuegesha mwili sehemu isiyoruhusiwa, na ya pili bado sijalipa.