Remiksi Isichaguliwe kwa Spika ya Simu

Toleo jipya la brekibiti au drum and bass, muziki wa kielektroniki wa kuchezea wenye dramu za kasi na besi nzito, mara nyingi haliji peke yake. Utaukuta wimbo wenyewe, kisha remiksi tatu au nne, yaani wimbo uleule uliotengenezwa upya, kila moja na fundi wake. Nimechagulia sherehe muziki huu kwa miaka mingi, na anayeanza kazi hii ya udijei mimi humwambia hivi: usiamue kwa spika ya simu.

Besi nzito inayobeba muziki huu hukaa kwenye Hz (mitetemo kwa sekunde) 40 hadi 60 hivi, na spika ndogo ya simu haifiki huko. Remiksi mbili zinaweza kufanana kabisa simuni, lakini ukiziweka kwenye sabufa, moja inakupiga kifuani na nyingine inanguruma ovyo hadi dramu kubwa haisikiki. Tafuta walau hedifoni nzuri za kufunika masikio. Afadhali zaidi, mwombe fundi mitambo wa ukumbi ajaribishe wimbo wako mapema, kabla watu hawajaingia. Mimi hapo sisikilizi mwimbaji kabisa. Nasikiliza kama besi na dramu kubwa vinapishana au vinagombana.

Baada ya besi, dramu. Brekibiti hujengwa kwa vipande vya dramu vilivyokatwa kwenye rekodi za zamani. Kipande maarufu kuliko vyote kimo kwenye "Amen, Brother" ya The Winstons wa Marekani, 1969, upande wa B wa santuri: Gregory Coleman anapiga dramu peke yake kwa sekunde kama 7. Waingereza wa miaka ya 1990 walikikatakata, wakakipangua, wakakipandisha kasi, na muziki mzima ukazaliwa humo. Coleman alifariki 2006 bila kupata mrabaha wowote wa matumizi hayo, jambo linaloniuma hadi leo, na ndiyo maana nyimbo nazinunua. Remiksi inayokizungusha kipande hicho vilevile mwanzo hadi mwisho naiacha. Nataka nisikie mkono wa aliyekipangua.

Kasi nayo ina mtego. Brekibiti huenda mapigo kama 130 kwa dakika, drum and bass 170 hadi 175. Wimbo ukihamishwa toka huku kwenda kule, sauti ya mwimbaji hubanwa au huvutwa ili ifuate kasi mpya. Sikiliza mwisho wa maneno, kama unakwaruza, achana nayo. Lakini 174 ukiigawa kwa mbili unapata 87, kwa hiyo bongo fleva ya polepole yenye kasi hiyo inaingia humo bila kulazimishwa. Singeli, inayovuka 200, usiivute ifuate kasi hiyo. Kata muziki, kisha iachie.

Ukinunua, chukua faili la WAV au FLAC, aina zisizopunguza ubora wa sauti, na jina la aliyetengeneza remiksi liandike mwanzoni mwa jina la faili. Nyimbo zote za toleo hilo zina jina moja, na gizani ukumbini hutakuwa na muda wa kufungua moja moja.