Kocha wa mashambulizi afukuzwe au apewe muda?

Mkuu nimekusoma, timu ya chuo chako huko Marekani inapata kama pointi 21 kwa mechi, kila mtu anataka kocha wa mashambulizi atimuliwe na wewe mgeni wa huu mpira wa Kimarekani (American football) hujui ushike upande gani. Hiyo 21 peke yake haisemi kitu. Timu inayokimbia na mpira muda wote inakula saa, inapata nafasi chache, so piga hesabu ya pointi kwa kila mara wanaposhika mpira.

Halafu mfumo unaendana na wachezaji? Cheki LSU (timu ya chuo cha Louisiana State), 2018 Joe Burrow, mrusha pasi wao mkuu, alitupa pasi 16 za tachidauni (yaani za kufunga), 2019 akatupa 60!! Kocha wa mashambulizi Steve Ensminger ni yule yule ila walimleta Joe Brady asimamie pasi, wakaanza kutawanya wapokeaji uwanja mzima, wakamaliza 15-0, yaani wameshinda zote 15. Japo wapokeaji wenyewe ni Ja'Marr Chase na Justin Jefferson, hata mimi ningeonekana fundi hapo lol. Army (timu ya chuo cha jeshi la Marekani) nao miaka na miaka wamekomaa na opsheni, ule mfumo wa kukimbia na mpira ambapo mrusha pasi anaamua palepale abaki nao au ampe mwenzake, maana majitu ya kuziba mbele hawayapati kirahisi, ukiwalazimisha Air Raid, mfumo wa kurusha pasi muda wote, umewaua.

Kocha aliyerithi wachezaji wa mfumo mwingine mimi nampa misimu 2. Ila imebaki yadi 1 tu ya kusogea, yeye anaita pasi ndefu, kila wiki, huyo hapana aisee.

Na kama unauliza kwa ajili ya mkeka, ada usiiguse, ukiona huwezi kuacha nenda kaongee na mshauri wa wanafunzi hapo chuoni mapema.