Re: Mashindano ya sloti ya proksi ukiwa Kisumu

Kaka, kukosa barabara ya sloti (njia yenye mfuo ambamo gari dogo la umeme la kuchezea hukimbia) hapo Kisumu si kizuizi. Kwenye proksi unatuma gari tu, wenyeji wanaliendesha kwenye barabara zao. Soma kanuni kwanza. Nyingi hukataza sumaku za kulivuta gari chini lishike barabara.

Anza na gari la skeli ya 1/32, yaani dogo mara 32 kuliko gari halisi. Kazi kubwa iko kwenye matairi ya nyuma: yabandike kwenye rimu kwa gundi, kisha yazungushe kwa mota ya gari lenyewe juu ya msasa laini mpaka yawe duara kamili, la sivyo gari litadunda kwenye kona. Skrubu za bodi zilegeze nusu mzunguko, bodi icheze kidogo. Hakikisha waya za mota zimeshika, mtetemo huzichomoa.

Kwenye sanduku, fungia chasisi magurudumu yakiwa hewani, matairi yasibonyee. Tia pia nyuzi za shaba za akiba, zile za kuchukua umeme, maana huisha haraka.