Mtoto aache Ujasiriamali?

SWALI: Habari mhariri, kijana wangu yuko S.2 (sekondari mwaka wa pili) hapa Busia, Uganda, shuleni wamewaambia watengeneze sabuni ya maji ati ni projekti ya Ujasiriamali, pesa ya dawa za kutengenezea sabuni natoa mimi, sabuni walimu ndo wanachukua. Mwakani S.3 anachagua masomo, baba yake anasema aliache hilo la Ujasiriamali. Ni sawa kweli? – Mama wa Busia

JIBU: Mama, pole na hizo pesa. Lakini asiliache haraka. Kwa mtaala mpya ulioanza 2020, Ujasiriamali ni lazima S.1 na S.2, kuanzia S.3 ndo la kuchagua, na zile projekti si mchezo maana kazi ya shuleni inabeba 20% ya matokeo, 80% ndo mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda. Tena akitaka kuendelea nalo, MUBS, chuo kikuu cha biashara kule Nakawa, Kampala, wana digrii yake kabisa.

Shida mi naiona kwa serikali, wameweka somo kwenye ratiba vizuri tu, ila mwalimu mwenyewe hajawahi kuuza hata nyanya, na mtaji wa projekti unatoka kwa mzazi, sasa hiyo sera gani jamani! Nenda kwenye kikao cha wazazi uulize sabuni iliuzwa bei gani, daftari la mauzo liko wapi. Kijana naye aandike kila kitu, dawa, chupa, hata boda ya kwenda sokoni, aone kama kuna faida au anajidanganya. Mzee wake muonyeshe hilo daftari kwanza.