Wasomaji Wanauliza: Chupa za namba za Mai-Kai

SWALI: Ndugu mhariri, nimesikia kuwa klabu ya Mai-Kai, kule Florida, ilikuwa na vinywaji ambavyo mapishi yake yalifichwa hata kwa wafanyakazi. Iliwezekanaje? Nami nimejaribu kupika shira ya mdalasini kama yao, ikatoka inateleza kama mlenda. – Msomaji, Tanga

JIBU: Mtindo huo ni mkongwe kuliko Mai-Kai. Ulianza miaka ya 1930 kwa Donn Beach, mwenye baa ya mtindo wa visiwa vya Pasifiki iitwayo Don the Beachcomber, Hollywood. Viungo vyake vikuu alivitia kwenye chupa zenye namba au jina la mafumbo. Mfanyakazi aliambiwa apime kiasi gani kutoka chupa ipi, basi. Akihamia kwa mshindani, aliondoka na namba tupu.

Ndugu wawili wa Chicago, Bob na Jack Thornton, walipofungua Mai-Kai Desemba 1956 mjini Fort Lauderdale, walimchukua Mariano Licudine, aliyekuwa amefanya kazi kaunta ya Donn huko Chicago. Ndiyo maana ladha za Donn zilidumu pale baada ya baa nyingi za aina hiyo kufa. Paa la jiko liliporomoka mwaka 2020, klabu ikafungwa hadi Novemba 2024.

Fumbo mojawapo, mchanganyiko wa chupani ulioitwa Don's Mix, lilifumbuliwa na mtafiti Jeff Berry: juisi ya balungi jeupe sehemu mbili, shira ya mdalasini sehemu moja. Kumbe vitu vya sokoni kabisa!

Kuteleza kwa shira yako, bila shaka ulitumia mdalasini wa unga. Unga hunyonya maji, huvimba na kugeuka utelezi ambao chujio haliuzuii. Chukua vijiti vitatu vya urefu wa kidole, vivunjevunje, tia kwenye maji mililita 200 na sukari gramu 200. Sukari ikishayeyuka, acha ichemke taratibu dakika mbili tu, epua, funika saa mbili, kisha chuja kwa kitambaa. Ukichemsha sana, hata vijiti hutoa utelezi na uchungu. Kwenye friji hukaa wiki mbili.

Balungi jekundu ni tamu mno, kinywaji hupooza. Kwa asiyetumia kileo: Don's Mix mililita 60, maji ya ndimu 20, soda isiyo na sukari 90, juu ya barafu iliyopondwa. Kamua balungi siku ileile. Juisi iliyolala hupoteza ule ukali wake.